Harusi ya Belkis na Mvua ya Baní

"Zima hiyo drayer, Chea."

Msusi aliganda, brashi mkononi. Kwenye kioo, nywele za Belkis zilikuwa zimetoka kuoshwa, zimejikunja zenyewe. Ndoa ilikuwa saa kumi jioni.

"Kuna nini tena?" aliuliza Doña Nereida, mama mkwe mtarajiwa, rola zimemjaa kichwani.

"Leo naenda hivi hivi, mama."

"Hivi hivi wapi? Kanisani? Na hizo nywele mbaya?"

"Zimemkosea nani?"

"Mwanangu hasimami altareni na kichaka. Bora nirudishe keki." Akasogea pembeni na simu sikioni.

Belkis aligusa kovu nyuma ya sikio, pale dawa ya kunyoosha ilipomchoma akiwa na miaka tisa. Tangu siku hiyo, hakuna Jumamosi aliyokosa saluni.

Punde simu ya Belkis ikatoa mlio. Ujumbe wa mchumba wake, Wilkin: "Mpenzi, mama kanipigia. Mkubalie tu, ni siku moja."

Moyo ukamchoma kuliko ile dawa. Akampigia.

"Wilkin, njoo saluni."

"Bibi harusi haonwi kabla ya—"

"Basi usinione kabisa."

Wilkin alifika anahema, tai inaning'inia. Akasimama mlangoni, akamtazama mchumba wake kama mtu anayetambulishwa kwake mara ya kwanza.

"Ndizo hizi nywele zako?"

"Ndizo. Miaka minne umeichumbia drayer ya Chea."

Chea akakohoa kuficha kicheko.

"Ndiyo maana mtoni huogi?"

"Ndiyo maana."

"Nami nikidhani unaogopa mamba." Akasogea hadi kwenye kiti chake. "Belkis, ile meseji imenitia aibu njia nzima. Nisamehe. Naweza kuzigusa?"

Miaka minne Belkis alikuwa akiuondoa mkono wa Wilkin kichwani pake. Sasa aliinamisha kichwa, na vidole vikazama taratibu.

"Wilkin, fikiria picha," alinong'ona Nereida.

"Nimefikiria, mama. Nataka nimwone mke wangu humo."

Walipotoka kanisani wameshavaa pete, mvua ilimwagika. Wanawake wote walikimbilia barazani, mifuko ya plastiki kichwani kulinda nywele zilizonyooshwa, kama mji mzima wa Baní unavyofanya. Belkis alibaki kwenye ngazi, uso juu, maji yakimtiririka hadi mgongoni.

"Utaloa, binti yangu," Nereida aliita, ameukamata mfuko wake kwa mikono miwili.

"Ndiyo, mama. Njoo, nafasi bado ipo hapa."

Nereida hakusogea. Lakini alimtazama kwa muda mrefu, na mkono mmoja ukauachia mfuko.