Tulitandika Migomba Chini ya Vigae, Tukamzika Mtoto

Ndugu wasomaji,

Nina umri wa miaka ishirini na moja, nimesoma hadi darasa la saba, na si mtu wa maneno. Hata haya nayaandika polepole, nafuta na kuanza upya. Lakini nikiendelea kunyamaza, nitapasuka!

Sisi ni watu wa Ntobeye, Ngara. Zamani tulikaa mlimani, kwenye migomba ya marehemu baba. Tulipohamishiwa kijijini tulipewa kiwanja huku chini, karibu na bonde. Barabara ipo, shule ipo... lakini ardhi inatoa maji! Kila asubuhi shemeji yangu Leokadia alizoa nyasi alizotandaza sakafuni jana yake, zimelowa kama zimetolewa mtoni. Mtoto wake wa kwanza alikohoa ndani ya nyumba hiyo mpaka akafa.

Vita vya mpakani vilipoanza, kaka yangu Gervasi akaenda na mgambo kupigana. Shemeji alikuwa na mimba nyingine. Kaka alinishika bega akasema, "Mdogo wangu, huyu naye asilale kwenye maji. Weka sakafu."

Ningekataaje?

Saruji ilikuwa haionekani. Tulipata vigae vya udongo wa kuchoma kwenye tanuri la jirani, vile vilivyopinda kidogo. Fundi alikuwa baba mdogo Stanslausi, aliyewahi kujenga nyumba Biharamulo. Alinielekeza vizuri kabisa: chimba mpaka ukute udongo mkavu, jaza mawe, juu yake kokoto, shindilia, weka mchanga, sawazisha, ndipo upange vigae.

Nilichimba. Mawe niliyabeba kichwani kutoka mlimani mpaka nywele zikanyonyoka utosini. Shemeji na tumbo lake alikaa kivulini akigonga kokoto. Tulipata lundo kubwa!

Baba mdogo aliliangalia lundo lile kwa muda mrefu. Aliporudi safari nyingine alikuja na maneno mapya. Eti mawe huleta baridi. Eti tutandike magome makavu ya migomba, tabaka nene, kisha turudishe udongo uleule.

"Shimo la kuivishia ndizi za pombe unalitandika nini?" akaniuliza.

"Majani ya migomba, baba mdogo."

"Ndizi zinaingia maji?"

"Hapana."

"Basi! Unaogopa nini?"

Ndugu zangu, shimo la ndizi huwashwa moto kwanza, na ndizi hukaa humo siku chache tu. Sakafu ni ya miaka! Nilijikaza, nikamwambia kwamba magome yataoza. Akawageukia majirani akicheka.

"Tazameni profesa wa darasa la saba! Ameoza yeye kwa woga, anasema migomba ndiyo itaoza!"

Wote wakacheka. Ningemshtakia nani? Baba alikwisha kufa, kaka yuko vitani. Baba mdogo ndiye alikuwa baba. Mawe yangu akayahamisha, akisema yanaziba njia.

Alivuta uzi, akaweka pima maji, sakafu ikanyooka kama meza. Watu walikuja kutazama. Bibi mmoja alisema, "Leokadia, hapa hata uji ukimwagika tunalamba!" Shemeji alicheka mpaka machozi. Akajifungua mtoto wa kiume, akawa anamlaza juu ya mkeka bila hofu.

Kisha ikaja masika...

Kwanza ilikuja harufu, kama pombe iliyochacha. Halafu pembe moja ikadidimia. Halafu ukikanyaga, maji yanaruka kati ya vigae! Mtoto akaanza kukohoa. Kwenye zahanati tulipewa dawa, tukaambiwa tumlaze mahali pakavu. Pakavu wapi, jamani?

Tukakimbilia kwa baba mdogo, aliyekuwa amemaliza nyumba mpya. Leokadia akasimama ghafla, akaonyesha kidole. Msingi wote ulikuwa wa mawe yetu! Kokoto alizozigonga kwa mkono wake zilikuwa sakafuni, kavu kama unga.

"Yangekaa bure pale," baba mdogo akasema. Hakuona hata haya!

Nilipiga magoti. Nikamwomba ampokee mtoto tu, sisi tulale nje. Akakataa. Nyumba ilikuwa haijafunguliwa kwa pombe, wazee hawajanywa, na mgonjwa hawezi kutangulia kuingia.

Mtoto alikufa mgongoni kwa mama yake tukiwa njiani kurudi. Tangu mazishi, shemeji hakusema neno tena na mtu yeyote.

Askari walirudi kwa nyimbo na vigelegele. Baba mdogo aliwahi kumpokea kaka barabarani, na huko huko akamwambia kwamba mimi nilikuwa mvivu, sikubeba hata jiwe moja! Kaka aliingia ndani, akang'oa kigae kwa panga, akaona magome meusi yaliyooza na maji chini yake. Jiwe hakuliona. Nilipoanza kueleza kwamba mawe yako kwa baba mdogo, akanipa mgongo. Alimshika mkewe mkono, wakaenda kwa wakwe zake Mabawe. Hajarudi.

Vijana wenzangu, kama ardhi yenu ina maji, chimbeni mpaka pakavu. Jazeni mawe, msikubali kitu kinachooza, hata akisema nani! Mzee mpe shikamoo yake kwa adabu zote, lakini akikosea, piga kelele hadi kijiji kizima kikusikie. Msingoje kama mimi, mje kulia kwenye karatasi.

Niliyabeba mawe yale. Kaka yangu haamini... Niaminini ninyi.