Kompyuta Iliyofungiwa Ndani

Kila asubuhi Mwanatabu alivuka maji kutoka Mtongwe kwenda kazini Magongo. Alikaa dirishani, katika ofisi ya kuajiri mabaharia. Wake wa mabaharia walimuuliza meli za waume zao ziko wapi. Naye alifungua daftari la habari za meli, mara nyingi za zamani, akawajibu.

Swali hilohilo naye alijiuliza kila siku. Mumewe, Rashid, alikuwa na miezi kumi na mmoja baharini. Kikoi chake kilining'inia nyuma ya mlango. Mwanatabu hakukifua, asije akaipoteza harufu yake.

Mwaka huo wa 1999, ofisi ilileta mtandao. Manahodha wangeandika habari za safari kwenye ukurasa mmoja, na ofisi ingezisoma papo hapo. Lakini Thoya, mkuu wa kompyuta, aliifungia kompyuta katika chumba chenye kiyoyozi. Aliifunika kitambaa. Kuingia, ni kuvua viatu. Namba ya siri aliijua yeye peke yake.

"Tufundishe basi," Mwanatabu alimwambia.

"Daftari linakutosha, dada. Hii si sufuria kila mtu akoroge."

Jumatatu moja Thoya alienda kwenye mkutano wa wiki nzima, Shanzu. Aliporudi Ijumaa, alifungua ukurasa. Akatoka chumbani taratibu, miguu mitupu, akaja dirishani.

"Bi Mwanatabu, meli ya Rashid ilikuwa Dar es Salaam. Imeondoka jana. Alikuomba uende. Habari ililetwa Jumatatu jioni."

"Basi la Dar huondoka kila siku," alisema Mwanatabu. "Wallahi, Thoya, ningefika."

Akamgeukia mke aliyefuata kwenye foleni. Usiku huo Thoya hakulala vizuri.

Jumatatu iliyofuata alimleta Bi Mbeyu, mkuu wa kompyuta wa hoteli moja ya Shanzu. Mama huyo alisimama mlangoni, akatazama chini.

"Kuna msiba humu? Mbona viatu vimejaa nje?"

Wafanyakazi waliokuwamo wakacheka, isipokuwa Thoya.

"Habari za meli huulizwa nani?" Mbeyu aliuliza.

"Bi Mwanatabu."

"Ulimuuliza anataka kuona nini kwenye ukurasa huu?"

"La."

"Basi umeleta mashine tu, mwanangu, kazi hujaileta. Mkuu wa kompyuta si mlinzi wa ufunguo. Anza na anayefanya kazi. Muulize, mfundishe, mpe namba yake ya siri. Daftari liendelee mwezi mmoja, mlinganishe. Na ukisafiri, mwache mtu anayejua."

Mashine ikahamia dirishani. Thoya alikaa kando ya Mwanatabu siku nyingi.

"Umepanga kwa majina ya meli," Mwanatabu alimwambia. "Wale wake hawajui meli. Wanajua waume zao. Weka majina ya mabaharia."

Thoya aliitikia kwa kichwa, akapanga upya. Wake wa mabaharia wakaanza kujibiwa kabla hawajamaliza kuuliza.

Miezi minne ikapita. Alhamisi asubuhi, kama kila asubuhi, Mwanatabu aliandika jina la Rashid kabla ya mengine. Mara hii alisimama.

"Dar es Salaam, Jumamosi!"

"Nenda, dada," alisema Thoya. "Lakini nani atajibu dirishani?"

"Kanze, karani mwenzetu. Nimemfundisha mwenyewe, na namba yake ya siri anayo."

Alipofika nyumbani, Mwanatabu alikitoa kikoi nyuma ya mlango. Akakifua kwa sabuni, akakianika juani. Kesho yake alikikunja kikavu, akakitia mkobani, akapanda basi la Dar.