Wosia Ambao Hakuna Aliyeusikia

Jambo la kwanza Fuatino aliloliona lilikuwa chano. Kila jioni baada ya sala alimpelekea baba yake mkubwa, Aukuso, magimbi na samaki wa tui. Aukuso ndiye aliyekuwa na cheo cha ukoo, na anayekaa kwenye ardhi ya ukoo humtumikia mwenye cheo. Jioni ile chano kilirudi vilevile, majani ya mgomba yaliyofunika chakula hayajaguswa.

Mama yake, Lusia, alikitazama akaelewa. Huko kisiwani Savaii, mtu ambaye huduma yake imekataliwa ameshaambiwa ahame.

Baba wa Fuatino alikuwa amefariki mwaka uliotangulia, na kaburi lake lilikuwa mbele ya nyumba yao. Wiki hiyo Aukuso alitamka mbele ya wazee kwamba Lusia alikuja kwa ndoa, ndoa imekwisha, basi arudi kwao. Mtoto ni damu ya ukoo, atabaki.

Lusia alikwenda polisi, wakamwambia hakuna aliyeibiwa wala kupigwa. Akaenda mahakama ya kawaida. Karani akamweleza kwa upole kwamba ardhi ya mila ina mahakama yake, Mahakama ya Ardhi na Vyeo, ambako majaji wanaijua mila kama wanavyoijua sheria.

Ndipo mjomba Pesamino alipoleta ushauri. Waseme kwamba babu yake Fuatino, mwenye cheo kabla ya Aukuso, kabla hajakata roho, aliusia nyumba iwe ya Lusia.

"Wosia wa mwenye cheo haupingwi," alisema. "Na marehemu haitwi kutoa ushahidi."

"Na mtoto je?" Lusia akauliza.

"Anyamaze tu. Si ndiyo kazi anayoiweza?"

Siku ya kesi Pesamino alisema maneno matamu. Jaji, mama wa makamo, hakudai karatasi yoyote. Aliuliza ni msemaji gani wa ukoo aliyekaa kwenye nguzo ya mbele ya nyumba, mahali pa msemaji, babu alipokuwa akiusia, na nani aliyemjibu, kwa kuwa wosia wa mwenye cheo hautamkwi bila wa kuupokea. Pesamino akakohoa.

"Mpeni muda," Aukuso akasema. "Nyumba ameshaipata, bado anatafuta nguzo."

Watu wakacheka. Jaji akamgeukia Fuatino. "Mwanangu, ulimsikia babu yako akisema hayo?"

Fuatino alimwona mama yake ameinamisha kichwa. Alijua kwamba akisema kweli, huenda akarudi nyumbani peke yake.

"Babu alikuwa amepooza mdomo," alisema polepole. "Hakuweza kutamka neno mpaka alipofariki. Mimi ndiye niliyekuwa nikimlisha."

Jaji akautupilia mbali ule wosia. Kisha akamwuliza Aukuso kama mtoto yule ni damu yao. Aukuso akakubali. Akamwuliza tena, ni mila gani inayomshika mtoto na kumfukuza anayemlea. Uamuzi ukawa kwamba nyumba ni ya ukoo, Lusia ataishi humo na bintiye, nao wataendelea kumtumikia mwenye cheo, naye aipokee huduma yao.

Nje, Aukuso alimwita Fuatino.

"Nilikuwa na wazee watatu wa kuuvunja ule wosia," alisema. "Wangesimama wao kabla yako, mama yako angeonekana mwongo, na nani angemsikiliza tena? Polisi anamjua mwizi. Majaji hawa wanazijua nguzo zetu, wanajua nani hukaa wapi. Kwa hiyo ukija kwao na haki yako, usiichanganye na uongo. Haki yenu ilitosha."

Akaenda zake. Njiani, Lusia alimwuliza bintiye kama aliogopa kusema mbele ya watu wote wale. Tangu baba yake azikwe, lilikuwako neno alilokuwa akilimeza kila siku.

"Mama," akasema, "wangekufukuza, ningekufuata. Ardhi ningewaachia wao."