Mtoto Asiye na Chake

Kitoto cha miaka miwili kilikuwa kimelala wodini, kimefunikwa shuka hadi kichwani. Muuguzi alikosea nukta ya desimali alipoandika kipimo cha dawa ya maumivu, na pampu ya dripu, ambayo kazi yake ni kukataa makosa kama hayo, ilipokea bila hata kulia kengele ya hatari. Inspekta alifunua, akatazama, akafunika upesi.

Kituoni alikuwa akishikiliwa binti aliyeandika programu ya pampu hizo. Alikuwa amelia mpaka sauti imekauka.

"Kiwango cha mwisho cha dawa ulikipandisha wewe?"

"Mimi, afande. Kwenye darasa mama, yaani kiolezo cha pampu zote. Kiwango kile ni cha pamoja, kila pampu inarithi."

"Hata ya watoto?"

"Hapana! Ya watoto niliiandikia kiwango chake. Mtoto mwenye chake hagusi cha mama."

Inspekta akamwita fundi mkongwe wa ofisi ya binti huyo, aliyemfundisha kazi. Mkongwe alikuja na pole nyingi mno.

"Haraka haraka haina baraka," alisema. "Kapandisha cha mama, na pampu ya watoto haina chake, basi ikarithi."

"Haina chake? Nani kakwambia?"

"Si... ndivyo ilivyo, afande."

"Programu tumeifungia tangu asubuhi. Mwenye kuiandika anaapa kipo. Anayejua hakipo ni aliyekifuta."

Wataalamu wa uchunguzi wakaifungua kompyuta ya mkongwe: mstari ule ulifutiwa humo humo.

"Nilimfundisha mimi!" akafoka. "Alikuja hajui a wala be, leo ndiye mkuu wangu? Nilitaka aumbuke kwenye majaribio, basi. Wangeligundua pale pale."

"Majaribio yaliahirishwa, pampu zikapelekwa wodini. Ulijua?"

"Nilijua."

"Ukanyamaza."

"Ningesemaje? Ningeonekana mbaya."

Inspekta alimtazama kama mtu aliyekuta funza kwenye nyama aliyokwisha kuitafuna. Alikuwa amekamata majambazi wengi, na hakuna aliyemtia kinyaa kiasi hiki. Aliamuru binti aachiwe, kisha akamsomea mkongwe maelezo yake ili atie sahihi.

Mkongwe akashika kalamu, akasita.

"Lakini afande, nukta alikosea muuguzi. Hilo nalo mliandike."

Inspekta aliliandika. Kisha akatoka nje, akatema mate.