Kengele ya Kapita Iliponyamaza

Kila asubuhi, hata kabla ya kunawa uso, Olga alimpelekea Kapita kiporo cha ugali, kisha akamfunga shingoni kengele yake iliyochongwa kwa mti. Kapita alikuwa mbwa wa marehemu babu yake, mwindaji wa kijiji cha Kibua, katika msitu wa Walikale. Msituni, mbwa wa mawindo husikika kwa kengele yake. Ikilia, bado anatafuta. Ikinyamaza, amesimama mbele ya mnyama, na wawindaji hukimbilia pale pale. Tangu babu azikwe, Olga alipoisikia kengele ile aliona kama mzee bado yuko karibu.

Wakati wa likizo, baba yake, Papa Akilimali, aliwatoa msituni Olga, mama, mdogo wake Thierry na Kapita ili watembee kwa miguu katika vilima vya Masisi, wazione volkano, kisha washuke mpaka ziwa Kivu. Walilala kwa Mama Adelaïde, mdogo wake mama, aliyeishi kwenye kilima juu ya mji wa Sake.

Alfajiri, Mama Adelaïde alimkuta Olga kwenye chemchemi, naye alikuwa na haraka ya kwenda sokoni.

“Olga, papa yako angali amelala. Umwambie hivi: mbwa asifunguliwe kamba mpaka mufike kwa ziwa. Kule chini, kwenye mawe ya volkano, kuko mazuku. Ni hewa mbaya. Haionekani, hainuki. Inalala mu mashimo asubuhi, kama hakuna upepo. Kinachoingia hakitoki. Umesikia?”

“Ndiyo, mama mudogo.”

Astrid, binti wa Mama Adelaïde, aliyekuwa akichota maji kando yao, alicheka. “Mbwa gani anavaa mti kwa shingo? Anafikiri iko padiri na musalaba wake? Watu wa msitu, mbwa wenu naye ni wa ajabu kama ninyi!”

Olga alinyanyua bidoni lake la maji, akaondoka. Moyoni alisema: watu wa vilima wanaogopa hata hewa. Papa alipoamka, hakumwambia neno.

Waliteremka jua likiwa bado nyuma ya mlima. Ukungu ulitanda, jani halikutikisika. Mbele yao volkano ya Nyiragongo ilitoa moshi mwembamba. Kapita alivuta kamba na kulia.

“Papa, nimwachilie?” Olga aliuliza. “Anateseka.”

“Mama mudogo yako hakusema kitu juu ya mbwa?”

“Hapana, Papa.”

Kamba ikafunguliwa. Kapita aliruka kati ya mawe meusi, kengele ikalia kwa furaha, hata mama akatabasamu. Kisha ikanyamaza.

Uso wa Papa uling’aa. “Amekamata! Ndiyo vile alikuwa anafanya na baba yangu!” Alishika fimbo yake na kukimbilia shimo pana lililokuwa chini ya njia. Thierry, mdogo wake Olga, alimfuata mbio akipiga kelele za mawindo.

Olga aliganda. Akisema, Papa atajua kwamba alimdanganya. Akinyamaza... Thierry alikuwa tayari anateremka.

“Papa, rudi!” alipiga yowe. “Kuko mazuku! Mama mudogo alinituma nikuambie! Nilidanganya!”

Papa alisimama ghafla. Akamdaka Thierry kwa shati, akamburuta kurudi juu. Wote wawili walikuwa wakihema.

Kutoka ukingoni walimwona Kapita. Alilala ubavu juu ya mawe, kama anayeota jua. Karibu na pua yake kulikuwa na kwale, naye pia amekufa.

“Kapita! Kapita, amuka!” Olga alitaka kushuka, mama akamkumbatia kwa nguvu.

Mzee mmoja aliyekuwa akipalilia maharagwe alikuja mbio, jembe mkononi. “Musishuke! Mimi ni Zéphyrin, shamba langu iko hapa. Mbuzi wangu wawili walibakia humo.”

“Tumutoe na nini, Papa Zéphyrin?” Papa aliuliza.

“Hamumutoi. Hata mwanaume mwenye nguvu, akiinama tu, amekwisha.”

Papa aliketi juu ya jiwe, akafunika uso. Siku ya maziko ya babu hakulia mbele ya watoto. Sasa alilia, na Olga alitamani apigwe kuliko kuona machozi yale.

“Nisamehe, Papa,” alisema.

Papa alifuta machozi. “Mimi pia nilikimbia kama niko Kibua,” alisema. “Hapa si kwetu. Kule, kengele ikinyamaza unakimbilia. Hapa unakimbia mbali. Wenyeji walituambia, lakini neno lao lilibakia kwako. Mwanangu, ujumbe uliotumwa ni wa yule anayeungojea. Huna ruhusa ya kuuficha kwa sababu ya hasira ao kiburi. Kapita hatarudi, na utaumia moyoni. Lakini ulisema ukweli ukiwa unaogopa, na Thierry anapumua. Usisahau yote mawili.”

Waliendelea kuteremka. Ziwa lilipotokea, kubwa na tulivu, hakuna aliyeshangilia. Thierry tu alianza kuvua shati. Olga alimshika mkono, akamwendea mwanamke aliyekuwa akifua ufukweni.

“Jambo, Mama. Sisi ni wageni. Hapa watoto wanaweza kuoga?”

“Hapa hapana, mutoto wangu, kuko kilindi. Mupite pale kwenye mchanga, na musivuke lile jiwe.”

Olga alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akarudi kwa Papa, macho yamejaa machozi, akamwambia kila neno.