Ukingo Nyuma ya Nyumba ya Baba

Kwetu ni mlimani, upande wa Nyamira. Ukiangusha kiazi jikoni, utakiokota kwa jirani. Kila asubuhi mimi huenda kuchuma majani chai. Mume wangu Mogaka hufungua duka lake Keroka. Baba mkwe wangu, Mzee Ratemo, huota jua mlangoni kwake. Nyumba yake ndogo ya udongo ilikuwa upande wa juu wa ua wetu. Nyuma yake palikuwa na mteremko wenye nyasi tele.

Mwaka huu binti yetu Sharon alituambia kwamba wakwe wanakuja kujitambulisha. Hapo Mogaka akachachamaa.

"Mama Sharon, wageni watakaa wapi? Watasimama mlimani kama mbuzi?"

"Watakaa tunapokaa sisi, Baba Sharon."

"La! Nataka ua tambarare, kama nyua ninazoona kwenye simu. Pesa za kumlipa fundi sina, lakini jembe ninalo."

Mume wangu ni mtu mwema, ila akishika jambo hasikii la mtu. Alihitaji udongo wa kujazia upande wa chini wa ua. Akauchimba ule mteremko nyuma ya nyumba ya baba yake. Alichimba mpaka ukingo ukasimama wima kama ukuta, mrefu kuliko mimi. Nyasi zote akazing'oa, eti ni uchafu. Nami nikawa nafagia udongo mtupu mpaka unang'aa. Majirani wakatusifu. Kwetu, ua wenye nyasi husemwa ni wa mwanamke mvivu.

Kisha mvua ikaanza. Ilinyesha wiki nzima bila huruma. Jumapili, baada ya chakula cha mchana, nilipanda juu kukata majani ya ndizi. Juu ya ukingo, ardhi ilikuwa imepasuka. Ule ufa ulitosha kuingiza mguu wangu, na maji ya mvua yalikuwa yakimiminika ndani yake. Vijiwe vilikuwa vikiporomoka na kugonga ukuta wa nyumba ya mzee.

Nilishuka mbio nikipiga kelele.

"Baba! Toka nje! Ukingo unaanguka!"

Sauti yake ikatoka ndani, imetulia. "Niende wapi?"

"Njoo kwetu!"

"Kwamboka, umesahau adabu? Mimi niingie nyumba ya mke wa mwanangu?"

Mungu wangu! Kwetu Gusii, baba mkwe haingii nyumba ya mke wa mwanawe. Ni heshima, na Mzee Ratemo ameishika maisha yake yote. Nami siwezi kuingia chumbani mwake nikamvuta mkono. Nilibaki mlangoni, mvua ikinipiga.

Mogaka alikuja mbio, miguu mitupu. Akaingia ndani.

"Baba, toka! Mwiko huo utakuua!"

"Usinifokee. Uzee huu ndio nianze utovu wa adabu?"

Jiwe kubwa likaanguka na kugonga bati. Mogaka akamshika baba yake mkono. Mzee akashika kitanda, hakubanduka. Nilikasirika. Nimlaumu nani? Mzee na mwiko wake, au mume wangu na jembe lake?

Halafu akili ikanijia. Mzee hakukataa kutoka. Alikosa mahali pa kwenda!

Nikakimbia kwa jirani yetu, Bwana Nyabuto. Yeye ni wa rika la mzee, na alikuwa afisa wa kilimo kabla ya kustaafu. Alikuwa amekaa miezi mingi kwa ndugu yake mjini Kisii, na alikuwa amerudi juzi tu. Nilipomwambia kuhusu ufa, hakuuliza la pili. Alitoka hata bila kuvaa viatu.

"Ratemo!" aliita kutoka mlangoni. "Chai imeiva kwangu. Twende tunywe."

"Ah, kwako nitakuja," mzee akajibu.

Lakini hakutoka. Alikuwa akitafuta kofia yake. Jamani, kofia! Nikapiga kelele kama kichaa. Hatimaye akatokea, Mogaka akimshika upande huu na Nyabuto upande ule.

Tulikuwa tumefika kwenye njia ya kwa Nyabuto tuliposikia mngurumo. Niligeuka. Ukingo wote ulishuka kwa pamoja. Ukuta wa nyuma ukavunjika, na udongo ukajaa chumbani. Kitanda cha mzee hakikuonekana tena.

Mogaka aliketi kwenye matope akalia. "Nusura nimuue baba yangu."

Nyabuto akampeleka mzee kwake.

Ardhi ilipokauka, Nyabuto alikuja kutazama. Hakutupaka mafuta.

"Mogaka, mlima ulikuwa umeshikwa na mizizi ya nyasi. Wewe ukaing'oa, kisha ukaukata mguu. Ulitaka usimame na nini?"

"Nilitaka ua uwe safi," Mogaka alisema kwa sauti ndogo.

"Udongo mtupu si usafi. Maji hukimbia juu yake na kuubeba. Na ukiona ufa mlimani, au mlango ukianza kukwama bila sababu, usingoje. Hama kwanza, maswali baadaye."

"Sasa tufanye nini? Saruji hatuna," nikasema.

"Nani ametaja saruji, mama? Jembe, mawe na nyasi vinatosha."

Alituonyesha. Kwanza, nyumba ya mzee ilijengwa upya upande mwingine wa ua, mbali na ukingo. Kisha tukachimba mtaro mlimani, mbali kidogo juu ya ukingo. Ulikwenda ukikatiza mteremko, ukiinama kidogo tu, ili maji yaende polepole hadi kwenye nyasi nene pembeni, mbali na nyumba zote.

"Usiuteremshe moja kwa moja," Nyabuto alionya. "Utakuwa mto, na utambomolea jirani."

Ule ukingo tuliukata kwa ngazi pana, badala ya kuuacha wima. Kwenye kila ngazi tukapanda matete tuliyoomba kwa majirani. Sasa mizizi inashika udongo, majani yanaliwa na ng'ombe. Uani tukarudisha nyasi fupi, vipande tulivyong'oa shambani kwetu. Mawe ya shambani tukayapanga yawe njia ya kupitia. Mimi bado nafagia, ila ile njia tu. Wanaoniita mvivu waniite!

Wageni wa Sharon walipokuja, walikaa kwenye nyasi, wakala wakashiba.

Juzi mvua kubwa ilirudi, ya upepo na radi. Nilitupa mwiko wa ugali, nikatoka mbio. Mogaka alikuwa ameshafika kwenye ukingo, amelowa chapachapa. Mtaro ulikuwa umejaa, ukipeleka maji pembeni. Ngazi hazikusogea.

Hata hivyo sikuamini. Nilikwenda mlangoni kwa mzee.

"Baba! Uko salama?"

Nikapiga hodi kwa ngumi mbili.

"Baba!"

"Kwamboka," akajibu kwa hasira, "mtu hawezi kulala nyumbani kwake?"

Nilicheka, kisha nikalia, palepale kwenye mvua.