Mshika Sifuri

Jua lilikuwa linazama nilipofika kwenye lile jengo kuukuu la katikati ya mji. Kazi yenyewe ndogo tu: kupima ukuta mmoja wa nyuma, niondoke. Mimi huchora ramani za majengo kabla hayajabomolewa. Zamani tulikuwa wawili. Mke wangu alishika ncha ya futi ya kupimia, penye sifuri, nami nikasoma huku. Nikiita, "Umeshika?" yeye hujibu, "Nimeshika, soma." Ndoa yetu yote ilipita hivyo, tukipigiana kelele kutoka pembe moja ya chumba hadi nyingine. Tangu nimzike, ncha ile naifunga kwenye msumari.

Mlinzi, mzee mcheshi asiye na jino la mbele, alinifungulia mlango.

"Peke yako tena, fundi?"

"Nani atanifuata kwenye vumbi hili?"

Akacheka, kisha akaacha ghafla.

"Babu yangu alikuwa kibarua hapa. Huo ukuta wa nyuma, kila wakiusimamisha, unapasuka. Tajiri akaleta mganga. Mganga akasema kamba ya kupimia iwe na mtu wa kuishika, asiiachie kamwe."

"Wakafanyaje?"

"Ukuta haukupasuka tena." Akanipa tochi. "Ukiulizwa neno humo ndani, usiitike. Anayeshika amechoka. Anatafuta wa kumpokea."

Nikamwambia aache kunitisha, mtu mzima mimi.

Nalipenda jengo lile, nisiseme uongo. Lilianza kama duka la vitambaa, na nguzo zake za chuma bado zina nakshi. Watu wa bima waliofuata wakaziba matao ya mbele kwa matofali. Waliokuja baada yao wakashusha dari ya mbao. Kila mpangaji alificha kitu cha aliyemtangulia. Nilikuwa nimeshapima nje na ndani, na vipimo vikakataa kulingana. Nyuma ya ukuta ule palikuwa na nafasi iliyozibwa, ya kumtosha mtu kusimama.

Ukutani kulikuwa na ufa. Nikapenyeza futi. Ikaingia... ikaingia... Msumari wa kuifungia haukuwapo. Giza lilikuwa linajaa madirishani, akili yangu iko mbali, nikaita kama nilivyozoea.

"Umeshika?"

Mjinga mimi.

Ikaja harufu ya chokaa mbichi, kama iliyokorogwa sasa hivi, katika jengo lililokauka kabla sijazaliwa. Nyuma ya ukuta mwiko wa mwashi ukakwaruza. Kwaruu... kwaruu...

Futi ikakaza.

"Nimeshika," sauti ikanong'ona. "Soma."

Haikuwa sauti ya mke wangu. Ile ningeijua popote. Hii ilikuwa kavu, ya mtu aliyekaa muda mrefu bila wa kusema naye. Hata hivyo machozi yakanitoka, na mengine yalikuwa ya furaha. Nikasoma kipimo kwa sauti, kama zamani. Kilikuwa kina cha nafasi ile, kilekile kilichopungua kwenye ramani yangu.

Mwiko ukanyamaza. Futi ikavutwa kidogo, kwa upole.

"Sasa wewe..." Sauti ilikuwa pale pale kwenye ufa. "Umeshika?"

Mdomo wangu ukafunguka. Neno lilishafika ulimini.

Nikaachia futi.

Ikavutwa ndani taratibu, mpaka kasha lake likagonga ukuta. Nikatoka mbio, nikijigonga kwenye nguzo za chuma.

Mlinzi aliitazama mikono yangu mitupu.

"Uliitika?"

"Hapana. Ila... nilianza mimi kuita."

Akafunga kufuli.

"Basi anakujua," akasema.

Sasa niko nyumbani. Nina futi nyingine, ya mke wangu. Ukuta ule bado haujapimwa urefu, na ofisini wanataka ramani kesho. Nimekaa upande wangu wa kitanda. Ule wa pili umetandikwa vilevile alivyouacha. Tangu aondoke, hakuna aliyeniuliza neno lolote jioni katika nyumba hii.

Kesho lazima nirudi. Naogopa kwamba nikiulizwa tena, nitaitika.